Sekondari ya Bweni ya Masista: Tathmini ya Mzazi Baada ya Miaka Minne

Wazazi wanaonipigia simu kuniuliza habari za shule aliyosoma binti yangu huanza karibu wote na swali moja, nalo ni kutaka kujua wanafunzi wangapi walipata daraja la kwanza. Ni swali la haki, kwa kuwa ada ni kubwa na kila anayelipa anastahili kujua analipia nini. Hata hivyo, baada ya kumsomesha mtoto katika sekondari ya Kikatoliki ya wasichana kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne, nimeona kwamba jibu la swali hilo halimwelezi mzazi kile ambacho shule za namna hii hukifanya vizuri kuliko nyingine, na tena hulifunika jambo ambalo zingepaswa kuulizwa kwa ukali zaidi. Shule ninayoizungumzia iko Nyanda za Juu Kusini, inamilikiwa na shirika la masista, na ni ya bweni tupu. Sitaitaja kwa jina, kwa sababu sehemu ya maelezo yangu inawagusa watu ambao ni rahisi kuwatambua, na kwa sababu mengi ya humu ninayasikia pia kwa wazazi wenye watoto katika shule za majimbo na mashirika mengine.

Jambo ninaloliweka mbele ya yote ni kwamba walezi wanaishi na watoto. Katika sekondari nyingi mwalimu huondoka jioni, na baada ya hapo bweni hubaki mikononi mwa matroni mmoja na viranja. Hapa nyumba ya masista imo ndani ya uzio wa shule, Sista mlezi analala kwenye chumba kilichopakana na bweni, na masista wanakula chakula kilichopikwa kwenye jiko lile lile. Kwa hiyo wanajua ni nani hakumaliza uji, nani ameanza kukaa peke yake, nani anapokea barua na nani hapokei. Binti yangu alipofiwa na bibi yake akiwa kidato cha pili, Sista alinipigia mimi kwanza kuniuliza kwetu msiba hupashwa vipi kwa mtoto, na nani kwa desturi yetu ndiye mwenye kuusema. Kisha alimwita binti, akaketi naye kanisani mpaka alipotulia, na kesho yake sista mwingine akamsindikiza kwa basi hadi mikononi mwa shangazi yake. Jambo la namna hiyo haliandikwi kwenye fomu ya maelekezo, wala halina mstari wake katika mchanganuo wa ada, lakini mimi ndilo ninalolihesabu kuwa thamani halisi ya fedha niliyolipa.

La pili ni mpangilio wa siku, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu wengi huuona kama ukali usio na sababu. Kengele hulia saa kumi na moja alfajiri. Usafi wa bweni na wa mwili hufanyika kwa muda mfupi kabla ya misa ya saa kumi na mbili. Baada ya uji kuna paredi, kisha vipindi vya dakika 40 hadi mchana, vikikatizwa saa sita na sala ya Malaika wa Bwana, ambapo shule nzima husimama mahali ilipo. Jioni kuna michezo au kazi za mikono, chakula, na prepo, yaani muda wa kujisomea, ya saa mbili hivi, ambayo hufanywa kwa ukimya kamili huku sista au mwalimu wa zamu akipita kati ya madawati. Saa nne usiku taa huzimwa, na wanaojaribu kusoma kwa tochi chini ya blanketi hunyang'anywa tochi hizo bila majadiliano, hata msimu wa mitihani. Hilo la mwisho lilinishangaza, kwa kuwa nilitarajia shule inayosifiwa kwa ufaulu ingefurahia kuona watoto wakikesha. Sista mkuu wa shule alinieleza kwamba mtoto asiyelala huchosha kichwa chake mwenyewe na cha mwenzake, na kwamba shule hiyo haijawahi kuona matokeo ya usingizi yakiwa mabaya kuliko matokeo ya kukesha.

Matokeo ya mpangilio huo niliyaona vizuri zaidi baada ya binti kuondoka. Alichaguliwa kujiunga na kidato cha tano katika shule ya serikali, ambako hakuna aliyemgongea kengele ya prepo, na bado aliendelea kuamka saa ile ile, kujipangia masomo kwa juma zima, na kukaa na kitabu kimoja kwa saa moja bila kuhamahama. Ukimya wa jioni, ambao mwaka wa kwanza aliulalamikia katika kila barua, ulikuwa umemfundisha kufikiri bila kuchochewa na mtu. Ninaamini kwamba katika wakati huu ambapo watu wazima wenyewe tumeshindwa kukaa dakika kumi bila kugusa simu, hicho ni kipawa kikubwa mno kwa kijana, na sijui mahali pengine panapokitoa kwa uhakika namna hiyo.

Kwa upande wa ufundishaji, shule ni nzuri lakini haiko sawa katika masomo yote. Hisabati na Kemia zilifundishwa na walimu waliokaa hapo miaka mingi, na wanafunzi waliingia maabara tangu kidato cha kwanza, wakazoea bureti na pipeti mapema, badala ya kukutana nazo wiki chache kabla ya mtihani wa vitendo wa Baraza la Mitihani. Fizikia ilikuwa na historia tofauti. Shule zisizo za serikali zina udhaifu ambao uongozi wake hausemi waziwazi: kila Serikali inapotangaza ajira za walimu, wale vijana wa kawaida, yaani wasio watawa, huomba na kuondoka, na wa sayansi ndio wanaotangulia kuitwa. Siwalaumu walimu hao, kwa kuwa ajira ya umma ina pensheni na uhakika ambao shule ya shirika haiwezi kuushindania kwa urahisi. Lakini kidato cha tatu cha binti yangu kilikaa karibu muhula mzima bila mwalimu wa Fizikia, sista mmoja wa Biolojia akijitahidi kuziba pengo, na wazazi hatukuarifiwa mpaka tulipoona alama kwenye taarifa ya maendeleo. Mzazi anayekwenda kuomba nafasi aulize walimu wa sayansi wamekaa hapo muda gani, na wangapi kati yao ni watawa wenye taaluma hiyo, maana hao hawaondoki na tangazo la ajira.

Kiingereza kilikuwa na pande mbili. Maktaba ilikuwa hai, ikifunguliwa kila siku, na kila msichana alipaswa kusoma kitabu kimoja kwa mwezi na kusimulia mbele ya darasa alichokielewa; kazi hiyo ilifanya maajabu. Upande wa pili palikuwa na kibao kilichofungwa uzi, ambacho alivikwa yeyote aliyesikika akisema Kiswahili nje ya kipindi cha Kiswahili, naye akakipitisha kwa atakayemkamata. Mtoto akifundishwa kumvizia mwenzake ili amvike aibu, anachojifunza hapo si lugha, na kinapingana moja kwa moja na yale anayoyasikia kwenye mahubiri ya asubuhi. Nililisema hilo katika kikao cha wazazi, wazazi wengine wakaniunga mkono, na mwaka uliofuata kibao kiliondolewa. Kiingereza cha wasichana hakikushuka. Naona ni haki kuutaja usikivu huo wa uongozi, kwa sababu shule nyingi huvifanya vikao vya wazazi kuwa mahali pa kutangazia michango tu.

Sasa dini, ambayo ndiyo sababu ya shule hiyo kuwapo. Misa ni ya kila siku kwa Wakatoliki, Rozari husaliwa mwezi Mei na Oktoba, Njia ya Msalaba kila Ijumaa ya Kwaresima, na mara moja kwa mwaka kuna mafungo yanayoongozwa na padre kutoka nje ya shule, jambo la busara, kwa kuwa watoto humfungulia moyo mtu asiyewasimamia kila siku. Sikukuu ya somo wa shule, yaani mtakatifu msimamizi wake, huadhimishwa kwa kwaya, ngoma na nyama, na wasichana huizungumzia mwaka mzima. Chama cha vijana wanafunzi Wakatoliki, kinachojulikana zaidi kama TYCS, kilikuwa na nguvu, na njia yake ya kuona, kuamua na kutenda haikuishia kwenye kuta za darasa: kikundi cha binti yangu kiliwatembelea wazee wa kijiji jirani, kikaona kwamba tatizo lao kubwa ni maji, kikapanga zamu ya kuwachotea kila Jumamosi, na zamu hiyo ilirithiwa na vidato vilivyofuata. Nilichokipenda zaidi ni kwamba masista hawakuwasukuma wasichana kuelekea utawani. Miito ilizungumzwa, mashirika yalikaribishwa kujieleza, lakini msichana aliyesema anataka kuwa mhandisi aliombewa kwa jina la uhandisi wake.

Wapo pia wasichana wasio Wakatoliki: Walutheri wengi kiasi, Wasabato wachache, na Waislamu wachache zaidi. Fomu ya maelekezo inasema wazi kwamba kila mwanafunzi atahudhuria sala za pamoja za asubuhi na jioni, na mzazi huweka sahihi kwamba ameelewa. Ni uaminifu kusema mapema. Lakini sahihi ya mzazi haimalizi kila kitu, kwa kuwa Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, katika tamko lake la mwaka 1965 kuhusu uhuru wa dini, ulifundisha kwamba mtu asilazimishwe kutenda kinyume cha dhamiri yake katika mambo ya dini, na shule ya Kanisa ndiyo ya kwanza kudaiwa utekelezaji wa fundisho hilo. Kwa sehemu kubwa nilichokiona kilinipa moyo. Wasichana Waislamu waliruhusiwa kufunga Ramadhani, jiko likawawekea daku na futari, na Sista wa jikoni aliamka usiku yeye mwenyewe kuwapashia chakula. Kwa Wasabato hali ilikuwa ngumu zaidi, kwa kuwa majaribio ya kila juma yalifanyika Jumamosi asubuhi, na mpaka binti yangu anamaliza hakukuwa na mpango wa kueleweka wa kuwapa siku nyingine. Kuyahamishia Ijumaa jioni, kabla jua halijazama, kungetosha.

Chakula ni cha kawaida ya bweni: uji, ugali na maharage, makande, mboga za majani kwa wingi, wali na nyama Jumapili. Kinachokipandisha juu ya kawaida ni shamba. Shule inalima mahindi, maharage na viazi, inafuga ng'ombe wa maziwa na nguruwe, na wasichana hushiriki kazi hiyo mara mbili kwa juma. Sikuwahi kusikia kwamba chakula kimepungua, na uji ulikuwa na maziwa. Baridi ya Juni na Julai huko si ya mzaha, hivyo mzazi anayetoka pwani au Dar es Salaam asidharau maelekezo ya sweta mbili na blanketi zito. Zahanati ya masista ipo mita chache kutoka bwenini, na taulo za kike hupatikana kwa matroni bila maswali na bila gharama ya ziada, huduma ambayo ningependa kuiona katika kila shule ya wasichana nchini.

Nakuja kwenye jambo ambalo niliahidi kuliuliza kwa ukali. Shule hiyo ilikuwa na wastani wake wa alama, na mwanafunzi ambaye hakuufikia mwishoni mwa mwaka aliambiwa arudie kidato au atafutiwe shule nyingine. Serikali imekwisha kuukataza utaratibu huo kwa shule zisizo za serikali, kwa kuwa mwanafunzi aliyefaulu upimaji wa kitaifa wa kidato cha pili ana haki ya kuendelea. Lakini makatazo hukwepwa kwa lugha ya upole: mzazi huitwa ofisini, huelezwa kwamba mtoto atafaidika na mazingira mengine, na hupewa barua ya uhamisho iliyokwisha kuandikwa. Rafiki wa karibu wa binti yangu aliondoka hivyo mwishoni mwa kidato cha tatu. Alikuwa msichana mtulivu, mwimbaji wa kwaya, dhaifu katika Hisabati. Baba yake alikuwa ameuza ng'ombe kulipia miaka mitatu, na binti huyo aliondoka na sanduku la bati na ndoo, bila yeyote kumweleza mtoto huyo kosa lake ni lipi, kwa sababu kosa halikuwapo.

Ninalisema hili kwa uchungu kwa sababu linaharibu kitu kizuri kutoka ndani. Shule iliyojua kumpasha mtoto habari za msiba kwa uangalifu wa namna ile, iliyoamka usiku kuwapashia watoto wa dini nyingine daku, inawezaje kumtoa mtoto mlangoni kwa alama tatu au nne? Sababu ninaijua, kama anavyoijua kila mwenye shule. Kwa miaka mingi shule ziliishi kwa orodha ya kumi bora, na mwanafunzi mmoja wa daraja la tatu alitosha kuishusha shule ndogo nafasi kadhaa. Shule iliyoshuka ilipoteza waombaji, na iliyopoteza waombaji ilipoteza ada, ambayo ndiyo tegemeo lake karibu lote. Tangu matokeo ya mwaka 2022 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza orodha hiyo, na mimi nimeuunga mkono uamuzi huo kwa moyo wote, lakini mazoea yaliyojengwa na orodha hayakufa nayo. Kwa hiyo mzazi asiishie kuuliza ni wangapi walipata daraja la kwanza. Aulize wasichana wangapi waliingia kidato cha kwanza, wangapi kati yao walifanya mtihani wa kidato cha nne hapo hapo, na waliopungua wako wapi. Shule inayojibu maswali hayo matatu bila kusita inastahili kuaminiwa hata kama pointi zake si za kutisha. Binti yangu mwenyewe alimaliza na daraja la pili, pointi 19, baada ya kuuvuka wastani kwa shida mara zaidi ya moja, na ninajua kwamba angeweza kabisa kuwa yeye aliyebeba sanduku lile.

Kuhusu ada, mwaka wa mwisho nililipa zaidi kidogo ya shilingi milioni mbili na nusu, kwa awamu nne, ukiacha sare, nauli na mchango wa mahafali. Tangu mwaka 2016 sekondari za serikali hazitozi ada kwa kidato cha kwanza hadi cha nne, kwa hiyo tofauti ni kubwa na haifai kupuuzwa. Inafaa kukumbuka kwamba hali haikuwa hivi siku zote. Shule za misheni za zamani, kama St. Mary's ya Tabora na St. Francis ya Pugu, ambazo Mwalimu Nyerere alifundisha zote mbili, zilipata ruzuku ya Serikali, na baada ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 zilitwaliwa na kuwa za umma. Ya Tabora leo ni Sekondari ya Milambo. Seminari zilibaki kwa Kanisa kwa sababu ya kazi yake ya kuandaa mapadre, na sekondari nyingine nyingi za Kikatoliki tunazozijua leo zilianzishwa baadaye, bila ruzuku ile. Ndiyo maana mzazi hubeba mzigo wote. Ninachowaomba wenye shule ni kuweka nafasi kadhaa kila mwaka kwa mabinti wa vijiji vinavyoizunguka shule, ambao mama zao ndio wanaowauzia masista mboga, na ambao kwa sasa wanaliona jengo hilo kutoka upande wa nje wa uzio.

Mawasiliano na wazazi yanahitaji kutengenezwa. Simu haziruhusiwi, na nakubaliana na hilo. Mtoto huzungumza na nyumbani Jumapili kwa simu ya matroni, na barua zinahimizwa. Lakini mambo mazito, kama ugonjwa wa zaidi ya siku mbili au kukosekana kwa mwalimu, yasingoje taarifa ya mwisho wa muhula. Pia wasichana wanatoka wakiwa hawajazoea kutunza fedha. Fedha zote za matumizi hukaa kwa Sista na hutolewa kidogo kidogo, hivyo binti yangu alipofika kidato cha tano alimaliza ya muhula katika wiki za mwanzo. Kidato cha nne kingeweza kuachiwa kusimamia matumizi yake, kila mmoja na daftari lake, Sista akikagua mwishoni mwa mwezi.

Kwa ujumla wa huduma, ningeipa shule hiyo alama ya juu sana katika ulezi, nzuri katika taaluma, na ya chini katika namna inavyowatendea walio dhaifu darasani. Inamfaa msichana anayeweza kuishi kwa kengele na asiyeogopa jembe. Yule mwenye shida ya kujifunza, ningemwomba mzazi wake apate kwanza ahadi ya maandishi kwamba hataondolewa kwa sababu ya alama. Fomu hupatikana shuleni na kwenye parokia, barua ya paroko au ya kiongozi wa dini ya mwombaji huhitajika, na usaili hufanyika baada ya mtihani wa darasa la saba, ukifuatwa na masomo ya maandalizi ya kidato cha kwanza kwa wanaochaguliwa. Mdogo wake binti yangu atafanya usaili huo mwaka huu, na nimekwisha kumwandikia Sista mkuu wa shule nikimuuliza yale maswali matatu.